Mimi na Mama Mkwe Kwenye Darasa la Magoti

Mimi ni fundi pikipiki mjini Bariadi, na kazi ya ufundi pikipiki ni kazi ya kuchuchumaa. Ukimkuta fundi amesimama, ujue anatafuta spana. Nilianza ujanani na baiskeli, nikahamia pikipiki zilipojaa mjini, na miaka yote hiyo nilikuwa chini, kisigino kimeinuka, goti limekunjwa mpaka kifuani.

Goti la kulia ndilo lililotangulia kugoma. Mwanzoni lilikaza asubuhi tu, nikitembea kidogo linalegea. Baadaye likawa linavimba jioni, kisha la kushoto likaona wivu. Nikichuchumaa kufungua tairi la nyuma, ili niinuke ilibidi nishike kiti cha pikipiki ya mteja. Siku moja niliivuta pikipiki ikaanguka pamoja na mwenyewe aliyekuwa ameiegemea. Alipojikung'uta vumbi, mimi ndiye niliyepewa pole.

Nilimeza dawa za maumivu. Nilipaka mafuta ya kuchua mpaka wateja wakawa wananitambua kwa harufu. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, na kila akinikanda alisema, "Nenda hospitali." Nami kila mara nilijibu, "Nitaenda kazi zikipungua."

Kazi hazikupungua. Ila Jumapili moja, baada ya matangazo ya ndoa, muuguzi mmoja alisimama kanisani akasema kuna watafiti wamekuja hospitali kuchunguza ugonjwa wa kusagika kwa magoti. Wanatafuta watu waliovuka miaka hamsini, wanaoumwa magoti kwa muda mrefu. Mke wangu alinipiga kiwiko. Hakukuwa na haja, kwa sababu nusu ya kanisa ilikuwa imeshageuka kuniangalia. Wote walijua nani husimama wima wenzake wanapopiga magoti.

Basi nikaenda. Daktari wa utafiti alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alinipiga picha ya magoti, akaibandika kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu.

"Hapa katikati ya mifupa kuna gegedu, ule mto laini unaozuia mifupa isisagane. Lako limelika, limekuwa jembamba."

"Litaota tena?"

"Halitarudi kama zamani. Lakini misuli inayolishika goti inaweza kuimarishwa. Tunachotaka kujua ni hiki: watu wakifundishwa mazoezi pamoja, wakasimamiwa, je, watapata nafuu kuliko wanaopewa ushauri na dawa peke yake?"

"Kwani hamjui?"

"Kwingine wamejaribu, na yamesaidia. Kwa mtu anayepalilia pamba, au anayechuchumaa siku nzima kama wewe, bado hatujui vya kutosha. Ndiyo maana tunawaomba mtusaidie."

Jibu hilo lilinipendeza. Katika kazi yangu nimeshazoea watu wanaoujua ugonjwa wa injini kabla hata haijafunguliwa. Huyu alikubali kufungua kwanza, ndipo aseme.

Alinieleza kuwa makundi ni mawili, na kila mtu atapangiwa kwa kura. Yeye hachagui, na mimi sichagui. Naweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa, na matibabu yangu yataendelea kama kawaida. Kisha muuguzi wa vipimo akaniketisha kwenye kiti akaniambia nisimame na kukaa, nisimame na kukaa, bila kushika kitu, yeye akiangalia saa. Akaniuliza maumivu yangu ni kiasi gani nikitembea, nikiinuka kitandani, nikichuchumaa chooni. Muuguzi huyo hakutakiwa kujua niko kundi gani, asije akanipendelea hata bila kukusudia. Nilipofungua bahasha yangu ya kura kwenye chumba kingine, iliandikwa: mazoezi.

Siku ya kwanza nilichelewa kidogo kwa sababu ya mteja mmoja na kabureta yake. Darasa lilikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kliniki. Nilisukuma mlango nikaingia nikisalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kifundi: "Mwangaluka!"

Watu walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, kila mmoja ameinua mguu mmoja juu. Mguu ulioinuka kuliko yote ulikuwa karibu kabisa na mlango, ndani ya suruali ya michezo, na juu ya suruali kulikuwa na kanga. Nilifuata mguu ule mpaka kwenye uso. Alikuwa mama mzazi wa mke wangu.

Kwa asiyezijua desturi zetu, ngoja nieleze. Kwetu Wasukuma, na hasa katika ukoo wa mke wangu, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha pembeni na kuangalia kando. Nilikuwa nimemwoa binti yake kwa miaka karibu thelathini, naye alikuwa amenipokea vizuri, tena kwa moyo, lakini mapokezi yote hayo yalipitia kwa watu wengine. Kila nilipofika kwake Kasoli nilisikia sauti yake jikoni na kuona chakula kimeletwa na mashemeji. Uso wake nilikuwa nimeuona kwa kuibia. Na sasa nimeuona chini, na mguu uko darini.

Mama yule, ambaye dakika chache kabla alikuwa amemwambia mwalimu wa mazoezi kwamba hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, aliinuka. Alijifunika kanga usoni akatokea mlango wa nyuma mbio. Mimi nilitokea mlango wa mbele mbio. Kwa bahati mbaya wote wawili tuliamua kuzunguka jengo kwa upande ule ule wa stoo, tukakutana uso kwa uso kwenye kona. Yeye akapiga yowe, mimi nikasema "Samahani!", tukageuka kila mmoja alikotoka. Ndani, watu waliokuwa wakiugua magoti walikuwa sasa wanaugua mbavu kwa kucheka.

Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa binti mtaalamu wa viungo, mzaliwa wa Moshi, mcheshi na mchapakazi, ila Kisukuma hakujua hata salamu. Alinifuata nje akihema.

"Baba, kuna nini? Mmegombana na yule mama?"

"Hatujagombana, daktari. Ni mama mkwe wangu."

"Sasa si vizuri? Mtasindikizana."

Nikamweleza. Alisikiliza, akashika kiuno, akaenda kumwita daktari wa utafiti. Daktari alielewa upesi, lakini akakuna kichwa. Darasa la mazoezi lililobaki na nafasi lilikuwa moja tu, hilo. Kunihamishia kundi la ushauri hakukuwezekana, kwa maana kura ikishapigwa haibadilishwi. Watu wakianza kuhama watakavyo, mwishoni hakuna atakayejua kilichosaidia ni nini.

"Basi mimi najitoa," nikasema. "Mama abaki."

Papo hapo ikasikika sauti nyuma ya ukuta: "Mwambieni fundi abaki. Mimi ndiye nitakayejitoa. Yeye ana watoto wa kusomesha kwa magoti hayo."

"Mwambieni mama abaki," nikajibu kuuambia ukuta. "Yeye ana shamba."

Tuliendelea hivyo kwa muda, tukibembelezana kupitia matofali, mpaka yule binti wa Moshi akasema kwa huzuni ya kweli, "Jamani, mtaniondokea wote wawili na darasa ndiyo kwanza limeanza?" Tukakubaliana kwamba kila mmoja akalale nalo.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu wakati anachambua mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akafuta machozi, akampigia mama yake simu na kuweka sauti ya juu, mimi nikajifanya sipo.

"Mama, nasikia leo umekimbia."

"Nimekimbia," ikajibu simu. "Na goti halikuniuma mpaka nilipofika nyumbani. Mwambie huyo mkwe wangu, magoti hayana ukwe. Watafute shuka watufungie katikati, tuendelee."

Ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu alitoa pazia letu la sebuleni, la maua ya zambarau, likafungwa kwenye kamba kukata ukumbi katikati: wanawake huku, wanaume kule. Mwalimu alisimama mbele, mwisho wa pazia, akaona pande zote mbili. Kumbe hata wengine walikuwa wanateseka kimya kimya. Mama mmoja alisema sasa ndiyo anaweza kunyanyua mguu bila kufikiria kanga imefika wapi, na mzee mmoja wa Shishiyu alikiri kwamba siku ya kwanza alikuwa amelala macho yamefumbwa.

Wiki za mwanzo zilikuwa chungu. Mwalimu alitufundisha kukaza misuli ya paja goti likiwa limenyooka, kuinuka kitini polepole na kukaa polepole zaidi, kupanda tofali na kushuka. Vitu vidogo kabisa, ungesema michezo ya chekechea. Kesho yake mapaja yaliwaka moto. Nilimwambia mwalimu dawa yake inazidisha ugonjwa.

"Yanauma mapaja au goti?"

"Mapaja."

"Hapo ndipo tunapopataka, baba. Uchungu huo ni wa misuli iliyoamshwa. Goti likivimba, niambie nipunguze."

Upande wa pili wa pazia, mama mkwe alikuwa na njia yake. Alipochoka alianza kuimba kwa Kisukuma, kwa mwendo ule wa watu wanaolima pamoja, jembe likipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Maneno aliyatunga mwenyewe, na aliliambia goti lake kwamba lilimbeba alipoolewa, likambeba na mimba zote, sasa lisijifanye mgeni. Wanawake wakapokea kiitikio. Sisi wanaume tulijikuta tunainuka na kukaa kwa wimbo wa mama mkwe wangu, na baada ya muda tukaitikia kwa besi. Mwalimu hakuelewa neno hata moja, lakini tangu siku hiyo hakuhesabu tena kwa sauti. Alisema tu, "Mama, tuanzie," na wimbo ukaanza.

Ni nyuma ya pazia lile nilipomfahamu mama wa mke wangu. Nilijifunza kwamba anacheka kwa kukoroma. Nilijifunza kwamba hapendi kushindwa: upande wetu ukijisifu kwamba umeinuka kitini bila kushika, upande wao ulidai kurudia. Yeye naye alikuwa akiniuliza mambo kupitia kwa mwalimu. "Mwambie fundi asiniharibie binti yangu kwa kumnyima usingizi kwa kukoroma." "Mwambie mama, anayekoroma ni binti yake." Ukumbi mzima ulipasuka, na kicheko cha kukoroma kilizidi vyote.

Kwenye karakana yangu nako mambo yalibadilika. Nilikuwa nikisubiri injini ipoe, nainuka na kukaa kwenye kreti la soda. Wateja walinicheka, halafu wakaanza kuniuliza, halafu dereva mmoja wa bodaboda akaniomba nimwonyeshe kwa ajili ya mama yake. Nilikataa kwa upole mpaka utafiti uishe. Tulikuwa tumeombwa tusisambaze mafunzo kabla ya wakati, maana huwezi kujua mama wa nani yuko kundi lile jingine.

Kisha mvua zikaja. Asubuhi moja nilitoka na pikipiki niliyokuwa nimeitengeneza, kuijaribu kwenye barabara ya udongo nje ya mji. Mbele nikaona gari la abiria limezama kwenye tope, abiria wamesambaa. Mbele zaidi, peke yake, mwavuli mkononi, mama mkwe wangu alikuwa anatembea kwenda darasani kwa miguu.

Nilizima pikipiki. Kumpakia nyuma yangu, akinishika kiunoni, hilo halikuwezekana hata kwa kufikiria. Kumpita nikaenda zangu nako hakukuwezekana. Basi nikashuka, nikaanza kuisukuma pikipiki, yeye akiwa mbele upande wake wa barabara, mimi nyuma kabisa upande wangu. Mvua ikawa inatumwagikia sawasawa.

Alishajua kuna mtu. Hakugeuka. Pembeni kulikuwa na ng'ombe wanakula majani, akawageukia wao.

"Enyi ng'ombe, mwambieni mtu huyo anayesukuma pikipiki kwamba pikipiki hupandwa. Apande aende, asilowe bure."

Nikaipigapiga tangi. "Wewe pikipiki, mwambie mama kwamba siwezi kukupanda nikamwacha njiani."

"Enyi ng'ombe, mwambieni ana kichwa kigumu."

"Pikipiki, mwambie mama kwamba hata binti yake husema hivyo."

Tulitembea hivyo, tukisemeshana kupitia ng'ombe, kisha kupitia mkorosho, kisha kupitia kalavati. Tulipanda kile kilima kidogo kabla ya mji, ambacho mimi sikuwa nimekipanda kwa miguu kwa miaka. Juu yake mama alisimama. Nikasimama. Aliinamia magoti yake, akayapapasa, moja, halafu jingine. Kisha akainua mwavuli juu, mvua ikampiga usoni, na akapiga vigelegele pale barabarani, peke yake, kama watu wamefika na bibi harusi.

Ndipo nami nilipokumbuka kuyauliza magoti yangu. Yalikuwa yanauma kidogo, maumivu ya kawaida ya mtu aliyefanya kazi. Yalikuwa yamenifikisha, tena na pikipiki mkononi. Nikapiga honi. Sikuwa na kingine cha kupiga.

Darasani tuliingia tumelowa chapachapa, kila mmoja kwa mlango wake. Mwalimu alipojua tumetembea kutoka wapi, alikaa chini kwenye mkeka, akacheka huku anajifuta macho.

Muda wa mazoezi ulipokwisha tulipimwa tena. Muuguzi wa vipimo alikuwa bado hatakiwi kujua lolote, na kila aliyeingia alionywa asiropoke. Nilikuwa kwenye benchi nje niliposikia mama mkwe ndani akisema, "Mwanangu, sitakuambia niko kundi gani, lakini shika vizuri hiyo saa yako." Kiti kikaanza kugonga sakafu. Yalipofika maswali ya kuchuchumaa chooni, niliondoka kwa heshima, nikaenda kusimama mbali kwenye maegesho ya pikipiki.

Ilipita miezi kabla hawajarudi na majibu, na walirudi kweli, jambo lililotushangaza wengi. Walituita makundi yote mawili kwenye ukumbi mmoja. Daktari alisema kwa lugha nyepesi kwamba, kwa ujumla, waliofanya mazoezi walipungukiwa maumivu na walisimama na kutembea vizuri kuliko wenzao. Si wote. Yule mzee wa Shishiyu magoti yake yalibaki vilevile, naye alikuwa ameshaandikiwa kwenda kuonwa na bingwa wa mifupa. Daktari hakulificha hilo.

"Kwa hiyo magoti yetu yamepona?" mama mmoja akauliza.

"Hayajapona. Picha tukizipiga leo zitafanana na zile za mwanzo. Ila nyinyi mnayatumia vizuri zaidi, na mkiacha mazoezi, maumivu yatarudi."

Halafu akatangaza kwamba kundi lile jingine nalo litaanza kufundishwa, kama walivyoahidiwa. Watu walipiga makofi. Mwalimu wetu akasimama, akamwangalia mama mkwe wangu, akasema kwa Kisukuma alichofundishwa nyuma ya pazia, "Wabeja, mayu," akimshukuru kama binti anavyomshukuru mama yake. Mama akamkumbatia akamnyanyua kutoka chini. Daktari alishtuka, lakini goti halikulalamika.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, mke wangu alirudi kutoka Kasoli na ujumbe. Mama yake alikuwa amezungumza na wazee wa ukoo. Katika ukoo wao ipo namna ya kulegeza ule utaratibu wa ukwe, pande zote zikikubali: mkwe analeta mbuzi na kitenge, wazee wanasema maneno yao, na tangu hapo watu wanaweza kusalimiana na kukaa uwanja mmoja. Heshima inabaki, ila macho yanaruhusiwa.

"Mama kasema hivi," mke wangu aliniambia, naye tayari anacheka. "Amechoka kuongea na ng'ombe."

Tulikwenda Jumamosi. Pamba ilikuwa imelundikwa nyeupe barazani, mashemeji walikuwa wamerudi kutoka kuvua ziwani Lamadi na sato wa kukausha. Baba mdogo wa mke wangu alisema maneno yake, marefu, nami nikatoa nilichoagizwa. Kisha mama akatoka ndani na jagi la maji na beseni. Alinijia moja kwa moja, akainama mbele yangu bila kushikwa na mtu, akaniambia, "Karibu, baba. Nawa." Nilinawa maji yakimwagika, nikamwangalia usoni kwa mara ya kwanza bila kuibia. Mke wangu anafanana naye machoni.

Tulikula uwanja mmoja, ugali, sato na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga. Nilikuwa sijamaliza tonge la mwisho aliponiuliza swali lake la kwanza la ana kwa ana.

"Baba, ile pikipiki ya shemeji yako inakohoa. Utaitazama leo?"

Nikaitazama. Nilichuchumaa palepale uani, naye akaleta kigoda chake akakaa karibu, akanisimamia kazi nzima, akinieleza anavyoona yeye. Alikuwa na hakika kwamba mbovu ni plagi. Mimi nilishajua ni kabureta, lakini nilibadilisha plagi kwanza.